Triko mu Lubumbashi: ilitoka wapi, na kwa nini tunaifanya



Mfadhili mmoja, mtu mwema ambaye ametusaidia mara nyingi, aliona picha ya bamama wetu wamekaa chini ya mwembe ku Katuba, kila mmoja na sindano zake mkononi. Akauliza: kwa nini chama cha watu waliopoteza nyumba na mashamba kinatumia siku nzima ya Jumamosi kufuma kofia za watoto? Hakuuliza kwa ubaya. Aliwaza kama pesa ya nyuzi ingeweza kununua mbegu, ao mashine ya kusaga mahindi. Barua yake iliposomwa kikaoni, wengine walikasirika, wengine walicheka, na wengine, tuseme ukweli, walikubaliana naye. Njo maana kamati imetuomba tuandike historia kidogo. Tumeuliza wakubwa, tumesoma kiloko, na tumekuta habari hii ni ndefu kuliko tulivyofikiri.

Kwanza jina lenyewe. Kwenye vitabu wanasema kufuma. Sisi mu Lubumbashi tunasema kufanya triko, na neno hilo la Kifaransa linaonyesha mlango ambamo kazi hii iliingilia. Si kusema kwamba wazee wetu hawakujua uzi. Nguo za rafia zilifumwa Kasai na kwa Baluba zamani sana kabla ya reli. Lakini ile ilikuwa kazi ya wanaume: kwa Bakuba, mwanaume njo alikaa kwenye kitanda cha kufumia, mwanamke akatia nakshi juu ya nguo iliyokwisha kufumwa. Hata Ulaya ya zamani, vyama vya mafundi wa triko vilikuwa vya wanaume. Kwa hiyo mtu akituambia kama sindano na uzi ni "kazi ya bamama toka mwanzo wa dunia", tunamwomba akae kidogo, tumuelezee.

Mji wetu ulizaliwa mwaka 1910, wakati reli ilifika toka kusini, na wakaupa jina la Elisabeth, malkia wa Ubelgiji. Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na ilikuwa na shaba nyingi kuliko mikono ya kuichimba. Kwa miaka ya kwanza watu waliletwa kwa mkataba mfupi, bila bibi. Walikufa wengi kwa magonjwa, na waliopona walirudi kwao. Kila mara kampuni ilipaswa kutafuta wengine, na kutafuta mtu mbali kulikula pesa. Ndipo kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 wakageuza njia: mkataba wa miaka mitatu, nyumba ya matofali kambini, posho ya chakula, na ruhusa, zaidi ya ruhusa, kwa mfanyakazi kuja na bibi yake. Watu walitoka Kasai, Lomami, hata Rwanda na Urundi. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa siasa hiyo, aliandika mwaka 1946 matokeo ya miaka makumi mawili ya kazi ile. Ukisoma unaelewa vizuri: bibi na mtoto walihesabiwa katika mambo yanayofanya mfanyakazi abaki na awe na nguvu.

Sasa bibi yuko kambini, shamba hana, mume yuko mgodini. Kampuni ilimuogopa. Waliogopa pombe atakayopika, biashara atakayofanya, na maneno atakayosema kwa jirani. Wakamtafutia kazi ya mikono. Bamamere, yaani watawa wa kike, walikuwa tayari wanafunza wasichana kushona. Kambini kukafunguliwa vyumba vya kushonea, na katika miji ya koloni, zaidi baada ya vita ya 1940-1945, ikaenea foyer social, ile wazee wetu wanaita tu fwaye. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliandika juu ya fwaye ya Usumbura kati ya miaka 1946 na 1960, na wakubwa wetu wanapokumbuka ya hapa Lubumbashi, tunaona ni ndugu wa tumbo moja: kushona, kutia viraka, kupiga pasi, kupika, kuosha mtoto, triko. Usumbura kulikuwa hata mashindano ya nyumba nzuri. Wazungu walizunguka kutazama vitanda na mapazia, kisha wakatoa zawadi.

Hapa tutasema mawazo yetu bila kuzunguka. Yale masomo yalikuwa na faida, na yalikuwa pia uzio. Msichana alipewa sindano mahali kaka yake alipewa kalamu. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960 bila mwanamke hata mmoja aliyemaliza universite. Wa kwanza, Sophie Kanza, alimaliza mwaka 1964. Mama anayejua kufuma mkono wa sweta bila kutazama, na hawezi kusoma karatasi ya mshahara wa mume wake: huyo si mama wa kuwaza tu. Wengi wetu tulilelewa naye.

Lakini mwalimu hana uwezo juu ya kila kitu anachofunza. Mama mmoja wa chama chetu, sasa ni nkambo wa wajukuu wengi na ameomba jina lake lisiandikwe, anasimulia mama yake mzazi aliyeingia fwaye kambini. "Mama alikuwa anasema: ile masomo ilikuwa ya bazungu, lakini ile masaa ilikuwa ya shiye." Masaa yao. Mara mbili kwa juma mwanamke alitoka nyumbani na sababu ambayo mume hawezi kukataa, akakaa na wenzake wa kabila zingine, wakisema Kiswahili juu ya mambo ambayo mwalimu mzungu hakusikia vizuri. Sweta moja ya mtoto iliuzwa kwa jirani, kisha ingine. Pesa ile iliingia likelemba. Hakuna mtu katika ofisi ya kampuni aliyepanga hivyo.

Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville katika Kiswahili hiki hiki chetu, kwa ajili ya chama cha maboi wa zamani, watu waliopika na kufua kwa Wazungu. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliitoa kwa kitabu, na sasa wanafunzi wa dunia nzima wanaisoma. Tunaitaja kwa sababu ile pia ilikuwa kazi ya chama cha kusaidiana, si ya maprofesa. Sisi tunajaribu hapa kipande kidogo cha namna ile kwa bamama wa sindano.

Baada ya uhuru fwaye hazikufa. Union Minière ilichukuliwa na serikali, na mwishoni ikawa Gécamines, na kambi zikabaki na desturi zao. Nkambo wetu alifunzwa humo miaka ya 1970, wakati mji uliitwa Lubumbashi tayari na jimbo likaitwa Shaba. Ndiyo miaka ya vitambaa vya kroshe. Mukumbuke saluni za ile wakati: kitambaa cheupe juu ya kila kiti, kingine juu ya redio, kingine juu ya meza, na ole wako mtoto ukikalia na nguo chafu. Wengine wanacheka leo. Lakini kitambaa kile kilisema nyumba hii inakula kila siku, mama hapa ana saa ya kukaa.

Kisha saa ile ikaisha. Miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka, mwaka uliofuata askari na watu wakapora miji, na mwaka 1994 shaba ilikuwa karibu tani 30,000 tu. Mishahara ilichelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari", na kila mtu mu Lubumbashi anajua namna ya kusema maneno hayo mawili ya mwisho kwa kicheko. Bamama ndio waliingia barabarani: mikate, makala, samaki, mafuta. Aliyejua triko alifuma sweta za shule na kuziuza ku soko ya Kenya kabla ya baridi. Ile elimu waliyopewa ili wakae nyumbani, ikawatoa nyumbani.

Sasa tufike kwa sisi wenyewe.

Chama hiki kina watu wa safari mbili. Wa kwanza ni ndugu wenye asili ya Kasai, waliofukuzwa Katanga miaka ya 1992 na 1993. Wengi walizaliwa hapa, baba zao waliletwa na mkataba ule ule tuliosema juu. Mamia ya maelfu walikimbia nyumba zao. Ku Likasi, kisha ku Kolwezi, watu walilala kwenye stesheni na mashuleni wakingoja treni, wiki kwa wiki, na watoto walikufa pale. Mama mmoja kati yetu alikuwa pale Likasi na watoto wanne. Katika mzigo wake alikuwa na sufuria, sahani mbili, na mfuko wa sindano. Kwa nini sindano? "Sikuchagua. Mkono ilichukua." Usiku mtoto wake mdogo alikuwa na homa, na miguu baridi. Akavua sweta yake mwenyewe, akafumua mkono mmoja, na mpaka asubuhi alikuwa amefanya soksi. Sweta yenye mkono mmoja aliivaa mpaka Mwene-Ditu. Anasema watu walimcheka ndani ya treni, na kwamba kile kicheko kilikuwa kitu kizuri cha kwanza toka walipofukuzwa.

Safari ya pili ni ya watu wa Pweto, Moba na vijiji vya kandokando, ambao vita iliwasukuma Zambia. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2000 Pweto ilianguka, na watu wakavuka na walichokuwa nacho mkononi. Kambi ya Mwange ilikuwa imefunguliwa mwaka 1999 na ya Kala mwaka 2000, zote mbili kaskazini ya Zambia. Wengi wetu tulikaa humo miaka saba, nane, hata kumi. Mtoto aliyefika mgongoni aliondoka anapika bukari mwenyewe.

Wafadhili mara nyingi wanauliza juu ya siku ya kukimbia. Hawaulizi juu ya siku ya elfu moja na mia mbili, wakati hakuna risasi, hakuna habari, posho imekatwa nusu, na mtu amekaa mbele ya nyumba ya udongo akitazama mikono yake. Mikono isiyo na kazi inarudisha macho nyuma. Hapo njo triko iliingia tena. Mama mmoja aliyekuwa amesoma kwa bamamere ku Moba alianza, wengine watatu wakamkaribia, mwishoni walikuwa wengi mpaka hawakuenea chini ya mti mmoja.

Sindano hazikuwepo. Walichukua fito za gurudumu la kinga, yaani baiskeli, wakazikata urefu sawa, wakazinoa ncha juu ya jiwe, na wakazipaka mafuta ya kula ili uzi uteleze. Uzi ulitoka kwa salaula, nguo za mitumba kama Wazambia wanavyoita. Unatafuta sweta iliyofumwa kweli, siyo ile iliyokatwa kwa mashine na kushonwa kandokando, kwa sababu hiyo ya pili itakupa vipande vifupi tu. Unafungua mishono ya ubavuni na mabegani. Unaanza pale kufuma kuliishia, kwa kawaida shingoni, na unavuta pole pole, mwenzako anazungusha kwenye miguu ya kiti iliyopinduliwa. Uzi unatoka umejikunja sawa nywele. Unaufunga mahali pane usichafuke, unauosha, unauanika na jiwe dogo limening'inia chini, na kesho yake umenyooka. Sweta moja ya mwanaume mnene inatoa soksi na kofia za watoto wengi. Nyekundu ilitafutwa kuliko rangi zote.

Tumesoma kwamba mwaka 2013 watafiti, wakiwemo Jill Riley na Betsan Corkhill, walitoa matokeo ya maswali yaliyojibiwa na wafumaji 3,545 toka nchi mbalimbali, na wengi walisema kufuma kunawatuliza, zaidi wanaofuma mara nyingi. Tunafurahi kuisikia sayansi ikifika. Ku Kala bamama walisema tu: "Ukihesabu vitanzi, hauhesabu bafu." Ukihesabu vitanzi, huhesabu waliokufa. Si dawa. Kuna mama ambaye alifuma mwaka mzima na bado hakuweza kulala. Tusiwadanganye wafadhili. Lakini mama yule alikuwa na mahali pa kwenda kila siku, na watu waliotambua asipokuja.

Kurudi kulianza mwezi wa tano 2007, wakati HCR ilipanga misafara: wengine kwa barabara mpaka Pweto, wengine kwa meli juu ya ziwa Tanganyika toka Mpulungu mpaka Moba. Mwezi wa nane wa mwaka ule kulitokea fujo Moba kwa sababu ya uvumi juu ya nani anarudishwa, na safari za upande ule zikasimama kwa muda. Mpaka mwaka 2010 zaidi ya watu 40,000 walikuwa wamerudi, na kambi zile mbili zikafungwa. Wengi wetu tulikuta shamba lina mtu, nyumba haina bati, shule haina mwalimu. Tukashuka Lubumbashi kutafuta maisha. Ndugu wa Kasai nao walikuwa wamerudi kiloko kiloko toka Mbuji-Mayi na Mwene-Ditu, kila mmoja kwa njia yake, bila msafara wala karatasi ya HCR.

Tuseme sasa jambo ambalo halijaandikwa katika ripoti zetu. Mwanzoni makundi haya mawili hayakupendana. Wa Kasai walisikia watu wa kaskazini ya Katanga, wakakumbuka stesheni ya Likasi. Wa Pweto na Moba walisema: ninyi mulikimbia ndani ya inchi yenu, nani alikuwaona ku kambi? Katika kikao cha kwanza walikaa pande mbili za uwanja, na aliyekuwa akiongoza alipaswa kusema kila jambo mara mbili. Hatukuwa na hotuba ya kuwapatanisha. Jumamosi moja mama wa Moba alikuwa anafuma mgongo wa sweta peke yake, na mama wa Likasi, yule wa mkono mmoja, alipita nyuma yake kwenda kunywa maji. Akasimama. Akasema: "Yaya, umepoteza kitanzi kimoja kule chini." Mwingine akatazama, ilikuwa kweli, mistari sita chini. Kila mtu anayefanya triko anajua uchungu ule. Wakakaa chini pamoja kukipandisha na njiti ya kiberiti. Toka siku ile tuliweka viti mahali pamoja, na hakuna aliyeuliza nani alitoa amri.

Kofia za watoto zilikuja baadaye, na zilianza vibaya.

Wageni wanafikiri Afrika yote ni joto. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200, na mwezi wa sita na wa saba usiku hushuka mara nyingi chini ya digrii 10. Mtoto mchanga hana nguvu ya kujipasha moto, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili, humo joto linatoka. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ni hatari zaidi. Tulikubaliana: tutafuma kofia, tutazipeleka mahali wanapozalia. Tulifuma 42. Tulikwenda tumevaa liputa zetu za chama, picha zikapigwa. Juma mbili baadaye muuguzi mmoja alituita pembeni, kwa heshima, akafungua mfuko: kofia zetu karibu zote zilikuwa humo. "Bamama, hii kofia iko mukubwa. Mutoto anapotea ndani. Inashuka mu macho, mu pua. Tena hii uzi inamuchoma." Tulikuwa tumenunua uzi wa plastiki wa bei chini, mgumu, na tulikuwa tumepima kwa vichwa vya wajukuu wetu wa miezi sita.

Tulirudi bila kusema neno kwenye basi. Wengine walitaka kuacha. Muuguzi yule ndiye alitusaidia, akatupa kipimo: kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi kina sentimita 34 ao 35 kwa kuzunguka, cha aliyezaliwa mapema kinaweza kuwa 28 ao chini. Kofia ifumwe ndogo kuliko kichwa ili ivutike na kushika bila kubana. Isiwe na kamba shingoni, isiwe na kishungi wala kifungo kinachoweza kunyofoka. Uzi uwe wa pamba ao sufu laini, kwa sababu nyumbani mtoto atalala karibu na mbabula, na uzi wa plastiki ukirukiwa na cheche ya makala unayeyuka kwenye ngozi. Alitufunza pia namna ya kumbeba mtoto kifua kwa kifua, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani. Njia hiyo ilianzishwa Bogotá, inchi ya Kolombia, mwaka 1978, na daktari Edgar Rey, kwa sababu hospitali yake ilikuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwapasha moto. Bamama wetu walisikiliza wakatazamana. Mtoto kubebwa juu ya ngozi ya mama, hiyo haikutushangaza. Kofia ya kipimo njo ilikuwa mpya kwetu.

Zile 42 tulizifumua zote. Uzi wake tulifanya vitambaa vya kushikia sufuria.

Sasa habari ya pesa, kwa sababu swali la mfadhili wetu lilikuwa la pesa. Katika kikao cha mwisho mama mmoja kijana alisimama akasema: tunafuma bure, sindano zetu, macho yetu, Jumamosi yetu, je, sisi ni matajiri? Watu wazima walimzomea kidogo. Sisi tunaoandika hapa tunaona alisema sawa. Rudini juu kwenye ile fwaye: mwanamke alifunzwa kama kazi ya sindano ni tabia njema, na tabia njema hailipwi. Tukimwomba leo mama asiye na unga nyumbani atoe kila kofia kwa upendo, tumerudia somo lile lile, tofauti ni kwamba sasa mwalimu ni sisi. Kwa upande mwingine, tukiuza zote, mtoto wa mama maskini pale anapozaliwa hatapata, na bamama wenyewe hawataki hivyo. Wengi walisema kofia wanayotoa ndiyo inayowafurahisha. "Miaka kumi walitupatia," alisema mama mmoja wa Kala. "Minataka na mie nipatie mutu."

Tulikata hivi: sanduku la chama linanunua uzi. Kwa kila vitu vinne, mama anachukua vitatu auze mwenyewe, sweta za shule, soksi, chochote kinachotoka sokoni, na anarudisha thamani ya uzi pole pole. Cha nne ni kofia ya mtoto mchanga, ya kipimo. Asiyeweza mwezi huu hahesabiwi deni. Mama kijana yule ndiye anashika daftari.

Kwa mfadhili wetu basi, mashine ya kusaga tunaitaka pia, na mradi wake uko katika kurasa zingine za gazeti hili. Lakini musitutumie kofia zilizokwisha kufumwa. Katoni moja ilitufikia mwaka uliopita toka Ulaya, kofia nzuri kweli, imekaa njiani miezi mingi, baridi ilikuwa imekwisha, na bamama waliifungua wakakaa kimya kama watu walioletewa chakula wakiwa wanapika. Tumeni pesa ya uzi, tuununue hapa, kwa muuzaji wa hapa. Ama tumeni uzi wa pamba wenyewe, mwepesi, rangi yoyote, na sindano namba 3 na 4, ambazo ni ngumu kupata.

Kwa wanachama: kufumua sweta za zamani kunaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nne, ili kofia ziwe tayari kabla ya baridi. Kila mtu alete sweta moja, iliyofumwa kweli, na kiti. Wenye wasichana wa miaka kumi na zaidi, waje nao, na wavulana pia wakitaka. Mwaka jana walikuja wawili, na mmoja anafanya vitanzi sawa kuliko sisi wote. Nkambo atakuwa pale toka saa mbili asubuhi. Ameomba kitu kimoja tu: asipewe tena uzi mweusi, macho yake hayaoni vitanzi.